Mfumo na kiunzi cha anga

Wanaastronomia wana vitu viwili ambavyo sisi tunaoandika kwa Kiswahili huvirundika ndani ya neno moja, mfumo. Kimoja ni kanuni: vipimo vianzie kwenye kitovu cha uzito wa Jua na sayari zake, na mihimili isizunguke ikilinganishwa na magimba ya mbali kabisa. Cha pili ni orodha yenyewe: gimba hili liko hapa, lile pale, namba kwa namba. Cha kwanza kibaki mfumo rejea wa anga. Cha pili mimi nakiita kiunzi rejea cha anga. Fundi wa jahazi huwa na umbo la chombo kichwani. Kiunzi ni mkuku na mataruma yaliyokwisha kusimamishwa ufukweni, ambayo yeyote anaweza kuyapima kwa futi.

Hadi mwisho wa 1997 kiunzi kilikuwa cha nyota: katalogi ya FK5, yenye nyota za msingi 1,535. Ubaya wa nyota ni kwamba zinahama. Digrii moja ina sekunde za tao 3,600, na Nyota ya Barnard husogea kama sekunde 10 kila mwaka. Kwa miaka 180 hivi huwa imevuka upana wa mwezi mpevu. Ndipo Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukahamia kwenye kwasa, kuanzia Januari 1, 1998. Kwasa ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi linameza gesi na kuiwasha. Kwasa 3C 273, aliyoitambua mwanaastronomia Maarten Schmidt mwaka 1963, iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Ikimbie itakavyo, kwetu imetulia.

Upimaji ndio utamu wenyewe. Madishi mawili, kila moja bara lake, husikiliza kwasa ile ile. Wimbi lake la redio hufika kwa moja, kisha kwa jingine, na saa za atomi za haidrojeni huweka alama. Rekodi hukusanywa kituo kimoja, kwa mfano Bonn, Ujerumani, kompyuta ikazitelezesha hadi mawimbi yalingane. Kule kuchelewa kwa wimbi, pamoja na umbali kati ya madishi, hutoa pembe. Kwasa zilizopimwa vizuri kabisa zina shaka ya sehemu 30 hivi za milioni ya sekunde ya tao: kama sentimita 6 juu ya uso wa Mwezi.

Afrika kazi hii hufanywa na dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Beringi yake ilipoharibika Oktoba 2008, dishi lilisimama hadi 2010, na anga ya kusini, ambayo tayari ina madishi machache, ikazidi kupungukiwa.

Kiunzi cha tatu cha kwasa kinatumika tangu Januari 1, 2019. Kina magimba 4,588, na 303 kati yake ndiyo yanayoshikilia mihimili. Hiki ndicho cha kwanza kuzingatia kwamba Jua nalo linazunguka kiini cha galaksi yetu, jambo linaloonekana kuzisogeza kwasa kidogo sana kila mwaka, hivyo nafasi zake zimeandikwa kwa tarehe ya mwanzo wa 2015. Mfumo ni ule ule, viunzi vya kwasa vimekuwa vitatu. Jaribu kuiandika sentensi hiyo ukiwa na neno mfumo peke yake.