Tangi la Juu ya Paa

Hadithi ya mwisho ya rafiki yetu marehemu ilifia ndani ya seva. Haikuibwa, wala hakuna aliyeifuta. Siku nilipoifungua ili tuichape, nikakuta nusu ni maneno yake, nusu takataka za alama. Nikakimbilia nakala ya akiba. Nayo vilevile! Kumbe diski ilikuwa imeoza kimyakimya, na sisi kila usiku tunanakili uozo juu ya uzima.

Kwa uchungu huo nikaanza kufuatilia historia ya maghala haya.

Diski ya kwanza ya kompyuta kuingia sokoni, ya IBM, ilitoka mwaka 1956: sahani 50, herufi milioni 5 tu. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakachapisha makala yao ya RAID: unganisha diski nyingi za bei nafuu, moja ikifa zilizobaki zishike kazi. Sawa. Lakini diski iliyokufa inajulikana. Je, iliyo hai na inadanganya?

Mwaka 2001, katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani, Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza kuunda ZFS. Kabla ya hapo mifumo ya mafaili ilikuwa kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na ndoo yake: ya huyu inafurika, ya yule imekauka. Wao wakasema hapana, diski zote zimwage kwenye tangi moja, kila bomba lichote humo. Ukiongeza diski, tangi limekua. Basi.

Si hilo tu. Kila kipande cha data kina namba ya kukihakiki, na namba hiyo haikai nacho. Inakaa kwa kielekezi kinachokionyesha. Kipande kikisomwa, hesabu inapigwa upya. Isipolingana, nakala nzima inachukuliwa kwenye diski nyingine na kilichooza kinatengenezwa. Tena haiandiki juu ya maandishi ya zamani: inaandika pembeni kwanza, ndipo inahamisha kielekezi.

Mwaka 2005 msimbo wake ulifunguliwa kwa umma. Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010, mlango ukafungwa, lakini wengine walishabaki na mbegu. Mwaka 2013 wakaungana kwa jina la OpenZFS.

Siku hizi nina mashine ya diski mbili zinazoakisiana. Kila mwezi naiamuru ikague kipande kwa kipande. Mwezi jana ilikuta kosa moja, ikalirekebisha yenyewe. Nakala nyingine iko kwa dada yangu, maana nyumba ikiungua, diski zote mbili zinaungua.

Ya rafiki yetu tuliichapa hadi ilipokatikia, katikati ya sentensi. Ya kwako, mwenzangu, umeiweka wapi?