Kutoka Pingu Hadi Kipande: Kazi ya Mkataba Katika Pwani ya Bagamoyo

Ufaransa ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, mashamba ya miwa ya kisiwa cha Réunion yalibaki na njaa ileile ya vibarua. Mawakala wake wakaja pwani ya Afrika Mashariki. Mtu alinunuliwa bara, akapakiwa melini, akaulizwa kupitia mkalimani kama ameridhika, kisha akaandikwa kuwa mfanyakazi huru wa mkataba. Aliyekwisha kununuliwa angekataa vipi? Ufaransa ilipiga marufuku uandikishaji huo mwaka 1859.

Kutoka Réunion hiyohiyo walikuja mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar mwaka 1863 na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji na kuwapa kazi mashambani mwa misheni. Sultani Barghash wa Zanzibar akapiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Wakati huohuo wapagazi wa Kinyamwezi walishuka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wakipatana ujira wao kwa vitambaa. Kazi ya hiari na ya kulazimishwa zilikutana katika mji mmoja.

Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1891, hawakufuta utumwa. Walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta mkonge, ukapandwa karibu na Pangani. Mwaka 1897 ikaja kodi ya nyumba, na mkulima akalazimika kutafuta rupia za kuilipa kwa kufanya kazi ya ujira.

Waingereza, waliowarithi Wajerumani, waliufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini manamba, yaani vibarua wa mkataba, walizidi kumiminika katika mashamba ya mkonge kutoka Ubena, Buha, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mmoja alibeba kipande, kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Nyapara aliitia alama siku pale tu kazi iliyopimwa ilipomalizika; aliyeugua katikati ya kazi aliipoteza siku hiyo.

Baada ya Uhuru, uandikishaji wa manamba ulikomeshwa, na mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi ya mkonge. Vizazi vya wahamiaji hao vimebaki Tanga, Muheza na Korogwe, vikiwa sehemu ya watu wa pwani. Pingu zingeweza kufutwa kwa amri ya siku moja. Kilichochukua zaidi ya karne ni kumpa mfanyakazi uwezo wa kukataa kazi, na bila uwezo huo mkataba hauwi hiari.