Kwa nini wakati haurudi nyuma? Fizikia yatafuta jibu katika kumbukumbu ya kompyuta

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu huukubali usemi huo bila kudai ushahidi. Hata hivyo, kanuni za msingi za fizikia, zile zinazoeleza mwendo wa atomu na molekuli, hazikatazi maji hayo kujikusanya na kurudi mtungini. Pengo hilo baina ya kanuni na maisha limewashughulisha wanafizikia na wanafalsafa kwa karne moja na nusu. Tangu mwaka 1961, sehemu kubwa ya mjadala huo imehamia mahali ambapo wachache wangepatarajia: ndani ya kompyuta, katika kitendo cha kufuta kumbukumbu.

Makala hii inaeleza chimbuko la tatizo hilo, jinsi ukokotoaji ulivyoingizwa katika mjadala wa wakati, na mahali ambapo wataalamu bado wanatofautiana.

Kanuni zisizotofautisha jana na kesho

Mtu akirekodi video ya mipira miwili inayogongana juu ya meza laini kisha akaionyesha kuanzia mwisho kwenda mwanzo, mtazamaji hawezi kutambua kuwa imegeuzwa. Mwendo wa nyuma unazitii kanuni za Isaac Newton, zilizochapishwa mwaka 1687, sawasawa na mwendo wa mbele. Hali ni hiyo hiyo kwa kanuni za umeme na sumaku. Ipo tofauti ndogo katika tabia ya baadhi ya chembe zilizo ndogo kuliko atomu, lakini wataalamu wengi hawaoni kwamba inaeleza kwa nini watu huzeeka au kwa nini chai hupoa.

Mwaka 1814 mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace, aliipeleka fikra hiyo hadi ukomo wake. Alisema kwamba akili ambayo ingejua mahali na mwendo wa kila chembe katika ulimwengu kwa dakika moja tu, na ikawa na uwezo wa kukokotoa yote hayo, ingeiona kesho kwa uwazi ule ule wa jana. Kwa akili hiyo, wakati usingekuwa na upande.

Hesabu ya Boltzmann

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka kwa Ludwig Boltzmann wa Austria, aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba upande wa wakati unatokana na uwezekano. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa sarafu. Sarafu 10 zikirushwa, kuna mipangilio 1,024 inayoweza kutokea. Ni mmoja tu kati ya hiyo unaozifanya zote zionyeshe upande wa kichwa, lakini mipangilio 252 hutoa vichwa vitano kwa vitano. Kwa sarafu 100, mipangilio ya nusu kwa nusu hufikia idadi inayoandikwa kwa 1 ikifuatiwa na sufuri 29, ilhali mpangilio wa vichwa vitupu hubaki kuwa mmoja.

Tone la maziwa katika kikombe cha chai lina molekuli nyingi kupita kiasi. Namna za molekuli hizo kutawanyika kikombe kizima ni nyingi mno kuliko namna za kukaa pamoja kama tone. Hivyo maziwa husambaa na hayaonekani yakijikusanya tena. Kipimo cha wingi wa mipangilio hiyo huitwa entropia, na kanuni ya pili ya thamodinamiki husema kwamba katika mfumo uliofungwa entropia haipungui. Mlinganyo unaobeba fikra hiyo umechongwa juu ya kaburi la Boltzmann mjini Vienna. Mwanaastronomia wa Uingereza Arthur Eddington ndiye aliyeupa mwelekeo huo jina la mshale wa wakati, katika mihadhara yake ya mwaka 1927.

Lakini pingamizi lilikwisha tolewa mapema. Josef Loschmidt, mwenzake Boltzmann, alisema mwaka 1876 kwamba mwendo wa kila molekuli ukigeuzwa, entropia itashuka bila kanuni yoyote ya Newton kuvunjwa. Zaidi ya hayo, hesabu ile ile inayoonyesha kwamba entropia itakuwa kubwa kesho huonyesha pia kwamba ilikuwa kubwa jana, jambo ambalo si kweli. Ndiyo maana wanafalsafa kama David Albert wa Marekani hushikilia kwamba lazima iongezwe dhana moja: kwamba ulimwengu, karibu miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulianza katika hali ya entropia ndogo mno. Sababu ya kuanza hivyo haijapatiwa maelezo yanayokubaliwa na wote.

Jini mlinda mlango

Wakati huo huo, Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ametega kitendawili kingine. Katika barua ya mwaka 1867 kwa rafiki yake Peter Guthrie Tait, aliwazia sanduku lenye vyumba viwili vya hewa na kiumbe mdogo aliyeketi kwenye mlango wa katikati. Kiumbe huyo huzitazama molekuli zikija, akaziruhusu zenye kasi zipite upande mmoja na zile za polepole upande wa pili. Baada ya muda chumba kimoja kitakuwa cha moto na kingine cha baridi, bila kazi yoyote kufanyika. Kanuni ya pili itakuwa imevunjwa, na mshale wa wakati utakuwa umegeuzwa kwa werevu peke yake. Kiumbe huyo baadaye aliitwa jini wa Maxwell.

Mwaka 1929 Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, alitambua kwamba nguvu ya jini huyo ni habari alizonazo. Kwa hiyo, alisema, kuzipata na kuzitumia habari hizo hakuwezi kuwa bure. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba gharama iko katika kupima, yaani katika tendo la kuitazama molekuli. Dhana hiyo ilipinduliwa na mtu wa kompyuta.

Kusahau kuna gharama

Rolf Landauer alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1927, akahamia Marekani angali mtoto, na baadaye akawa mtafiti katika kampuni ya IBM. Mwaka 1961 alichapisha makala kuhusu joto linalotolewa na ukokotoaji. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa jambo ambalo kila mwanafunzi wa shule analijua: anayeambiwa kwamba 3 na 4 ni 7 anaweza kuthibitisha, lakini anayepewa 7 peke yake hawezi kujua kama ilitokana na 3 na 4 au 5 na 2. Hesabu imefanyika, na habari za mwanzo zimepotea. Ukokotoaji wa namna hiyo hauna njia ya kurudi.

Mfano mwepesi zaidi ni kufuta biti moja. Biti huwa 0 au 1, na kuifuta ni kuilazimisha iwe 0, vyovyote ilivyokuwa awali. Hali mbili zinakuwa moja. Lakini kanuni za msingi za fizikia haziruhusu hali mbili tofauti zimezwe kuwa moja, kwa kuwa kila mwendo lazima uweze kurudishwa. Basi tofauti iliyofutwa ndani ya kompyuta haina budi kuhamia nje, nayo hutoka kama joto. Katika halijoto ya kawaida ya chumba, kiwango cha chini kabisa cha joto hilo ni takriban sehemu tatu za jouli moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sufuri 21.

Kiasi hicho ni kidogo mno. Ili kuchemsha lita moja ya maji kwa joto la aina hiyo peke yake, ingebidi kufuta biti zaidi ya 1 yenye sufuri 26. Kompyuta za leo hutoa joto lililo mbali sana juu ya kiwango hicho, kwa sababu nyingine za kiufundi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza jambo lililohesabiwa kuwa la kimantiki, yaani kupoteza habari, lilipewa bei katika nishati.

Charles Bennett, naye wa IBM, alikamilisha hoja hiyo. Mwaka 1973 alionyesha kwamba, kinadharia, hesabu yoyote yaweza kufanywa kwa hatua zinazoweza kurudishwa, mradi kumbukumbu za njiani zihifadhiwe. Mwaka 1982 aliitumia hoja hiyo kumjibu Maxwell. Jini anaweza kupima molekuli karibu bila gharama, lakini kumbukumbu yake si ya ukomo. Itajaa, na siku atakapoifuta ili aendelee na kazi, joto atakalolitoa litarudisha entropia yote aliyoipunguza.

Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika Lyon. Walitumia chembe ya silika yenye kipenyo cha mikroni 2 ndani ya maji, iliyonaswa kwa mwanga wa leza ulioiwekea vishimo viwili visivyoonekana. Kishimo kimoja kilihesabiwa kuwa 0 na kingine 1. Kila walipoilazimisha chembe iishie kishimo kimoja, walipima joto lililotoka. Walipofuta haraka, joto lilikuwa jingi, na kadiri walivyofuta polepole zaidi, wastani wake ulikikaribia kiwango cha Landauer.

Kumbukumbu na mshale wa wakati

Hapa ndipo ukokotoaji unapogusa swali la wakati lenyewe. Stephen Hawking, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1988, alidai kwamba binadamu hukumbuka jana badala ya kesho kwa sababu ile ile inayoifanya kompyuta iwe hivyo: kuweka kumbukumbu katika hali ya uhakika hutumia nishati na huongeza entropia nje yake. Kwa hiyo mshale wa akili hufuata mshale wa joto. Wanaompinga hutumia kazi ya Bennett dhidi yake. Ikiwa kuandika juu ya ukurasa mtupu kunaweza kufanyika karibu bila gharama, na gharama iko katika kufuta, basi kumbukumbu peke yake haitoshi kuupa wakati upande. Wanaomtetea hujibu kwamba ukurasa mtupu nao lazima ulitayarishwa na mtu, na kuutayarisha ni kufuta.

Wapo pia wanaoutilia shaka msingi wenyewe. John Earman na John Norton, wanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, waliandika mwaka 1998 na 1999 kwamba hoja hizi huzunguka. Ikiwa jini tayari anaitii kanuni ya pili, hakuna haja ya kuleta habari na biti ili kumshinda. Ikiwa haitii, basi kanuni ya Landauer inahitaji ushahidi unaojitegemea. Wengine wanaona kwamba majaribio kama lile la Lyon yanatoa sehemu ya ushahidi huo. Norton hakubaliani nao.

Je, kesho imekwisha kuandikwa?

Swali la pili ni zito zaidi kwa watu wasio wanasayansi, kwa kuwa linagusa mjadala wa kale wa kadari na hiari. Nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1905 ilionyesha kwamba hakuna "sasa" moja ya ulimwengu mzima. Wanafalsafa wengi wamehitimisha kutokana nayo kwamba jana, leo na kesho zote zipo kwa pamoja.

Lakini kuwepo kwa kesho na kuweza kuijua ni mambo mawili. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kuamua kama programu yoyote ya kompyuta itafika mwisho au itaendelea milele. Hatua zake zote zimepangwa, lakini kwa baadhi ya programu hakuna njia ya mkato ya kujua hatima yake.

Mwaka 1961, ule ule wa makala ya Landauer, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliiingizia kompyuta yake namba 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ilizaa utabiri ulioachana kabisa na ule wa kwanza. Akili ya Laplace, kwa hiyo, ingehitaji namba zenye tarakimu zisizo na mwisho. Nicolas Gisin, mwanafizikia wa Geneva, ameitumia hoja hiyo. Anasema kwamba nafasi yenye ukomo haiwezi kubeba habari zisizo na ukomo, hivyo tarakimu hizo bado hazijakuwepo. Zinazaliwa kadiri wakati unavyokwenda, na kesho ingali wazi. Wapinzani wake hujibu kwamba ukomo wa kile kinachoweza kuandikwa si lazima uwe ukomo wa ulimwengu wenyewe.

Kinachokubalika na kinachobishaniwa

Wengi wanakubaliana kwamba upande wa wakati unaoonekana maishani unahusiana na ongezeko la entropia, na kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya pekee. Wengi pia wanakubali kwamba kufuta habari kuna gharama ya joto. Kinachobishaniwa ni kama gharama hiyo inaeleza mshale wa wakati au inauakisi tu, na kama kupita kwa wakati ni sehemu ya maumbile au ni namna ambavyo viumbe wenye kumbukumbu finyu huyaona maumbile hayo.

Nje ya falsafa, swali lina uzito wake. Vituo vikubwa vya kompyuta hutumia umeme mwingi, na karibu wote huishia kuwa joto. Wahandisi wanaojaribu kuunda kompyuta zenye hatua zinazoweza kurudishwa wanafuata njia ya Bennett ya mwaka 1973. Wakifanikiwa, sehemu kubwa ya joto hilo itaweza kuepukwa, na gharama itakayobaki ni ile isiyokwepeka ya kufuta.