Makonyo ya Pemba na Fuwele za Vanilini

Historia ya karafuu tumeizoea ikisimuliwa kwa mambo ya shambani: miche iliyofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, mashamba ya Sayyid Said, watumwa waliopanda na kuchuma, kimbunga cha 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba mzigo mkubwa. Kuna sura nyingine isiyosimuliwa, nayo ilifanyika ndani ya chupa, mbali na bahari yetu. Wakemia wa Ulaya waliyachukua mafuta ya karafuu wakayageuza kuwa harufu ya mmea mwingine kabisa, vanila.

Vanila ilikuwa ghali, na sababu yake ni ua. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, na nje ya makwao Mexico halikuwa likizaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo, ua kwa ua, Madagaska na Uganda. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1880 akiwa fukara.

Mwaka 1858 Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley alipata vanilini safi, yaani kiini chenyewe cha harufu ile. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza kutokana na koniferini, dutu iliyomo katika utomvu wa misonobari, na Haarmann akaanzisha kiwanda katika mji wa kwao, Holzminden. Ila utomvu ule ulipatikana kwa kukata miti na kuibandua magome, tena kwa msimu. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa msimu. Ikatafutwa malighafi nyingine, na macho yakatua kwenye karafuu.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli. Molekuli yake ina pete ya kaboni sita, na juu ya pete hiyo oksijeni mbili zimekaa mahali palepale zinapokaa katika vanilini. Kinachozitofautisha ni mkia. Yujenoli ina mkia wa kaboni tatu, vanilini inataka moja tu. Kwa hiyo kazi ni kukata kaboni mbili bila kuigusa pete, na hapo ndipo ufundi wa maabara ulipodhihirika.

Kwanza yujenoli hutengwa. Mafuta hutikiswa pamoja na maji ya kostiki. Yujenoli, kwa kuwa ina asili ya asidi, huhamia kwenye maji, na mafuta mengine hubaki peke yake. Faneli yenye koki chini huyatenga matabaka mawili, kisha ukitia asidi yujenoli hurudi kuwa mafuta. Hatua ya pili ni kuichemsha kwa potasi kali kwenye joto kubwa. Kifungo maradufu kilichokuwa ncha ya mkia husogea hadi karibu na pete, na sasa kiko mahali panapofaa kukatwa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Dawa ya kukatia, kama permanganeti ya potasiamu, haichagui; ingeukata mkia na kuiharibu pete pamoja nao. Wakemia wakaifunika kwanza oksijeni iliyo dhaifu kwa kipande cha asetili, wakaukata mkia, kisha wakakivua kifuniko. Leo wakemia wanaojenga molekuli kubwa za dawa mara nyingi hutumia hila ya namna hii. Mwishoni vanilini hunaswa kwa bisalfaiti ya sodiamu, uchafu huoshwa, asidi huifungua tena, na chombo kikipoa sindano nyeupe za fuwele huanza kuota ukutani. Sindano hizo huyeyuka kwenye nyuzi 81 hivi za Selsiasi, na zisipofika hapo mkemia anajua bado hazijatakata.

Kwa miongo kadhaa, hadi takriban miaka ya 1920, vanilini nyingi ya viwandani ilitoka kwenye karafuu. Miaka ya 1930 viwanda vya karatasi vya Marekani na Kanada vilianza kuitoa kwenye lignini ya mbao, mabaki yaliyokuwa yakimwagwa, na karafuu ikapoteza mnunuzi huyo.

Kuna jambo moja ambalo wanahistoria wetu wangepaswa kuliandika waziwazi. Kiwanda cha Holzminden kilipoanza, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka mmoja tu uliotangulia, na utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Ulifutwa mwaka 1897. Vanila ya shambani ilikuja kwa mkono wa mtoto mtumwa, na karafuu iliyokuja kushindana nayo ilichumwa kwa mikono ya watumwa vilevile. Vitabu vya kemia vina majina ya Tiemann na Haarmann, na ni haki yao. Wachumaji hawana hata mstari.

Pemba bado mafuta yanakenekwa. Karafuu zikishachambuliwa na kuanikwa majamvini, makonyo, yaani vikonyo vyake, hayatupwi. Hupelekwa mtamboni Wawi, karibu na Chake Chake, yakapitishiwa mvuke. Mvuke ukipoa hutoka maji meupe kama tui jepesi, yakatulia taratibu. Aliyezoea mafuta ya nazi hutazama juu kuyatafuta, na juu hakuna kitu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama, na huchotwa chini kabisa ya chombo.