Kukosa samaki, kukosa adabu na kosa la jinai

Wanafunzi wangu wa tafsiri hukosana kila mwaka juu ya neno "kosa". Nikiwapa sentensi za Kiingereza zenye "offence", "mistake", "error" na "fault", wengi huzirudisha zote zikiwa zimebeba neno hilo moja. Si wavivu. Ndivyo Kiswahili chetu cha magazeti, cha mahakama na cha shule kinavyosema: makosa ya jinai, makosa ya uchapishaji, makosa ya sarufi, na baada ya ajali, "kosa ni la nani?" Leo nataka kuuliza neno hili lilifikaje hapo, na hasara gani inaweza kumfika mtu kizimbani kwa sababu hiyo.

Tuanzie ufuoni, maana huko neno bado liko karibu na mzizi wake. Simama Mkunguni kule Msambweni, au Mwaepe pale Diani, wakati vyombo vinarudi. Utasikia mvuvi akiulizwa habari za bahari, na ikiwa hana kitu atajibu, "Leo tumekosa." Hajatubu jambo lolote. Ametega malema, ametupa mshipi, samaki hawakuja, basi. Mvuvi huyohuyo akipita kwa ndugu yake na kukuta mlango umefungwa, kesho yake atamwambia, "Nilikuja nikakukosa." Kitenzi kinasema tu kwamba kilichotafutwa hakikupatikana, au kilicholengwa hakikufikiwa. Lawama haimo.

Jamii nzima ya maneno imezaliwa hapo. Fulani hakosi sala ya alfajiri. Gari limemkosakosa mtoto barabarani Ukunda. Maji yamekosekana wiki nzima. Hata "kukosana", ambako tunakuelewa kuwa ni kugombana, ukikuvunjavunja utawaona watu wawili wakipitana kando, kila mmoja akishindwa kumfikia mwenziwe. Kisha tazama kazi ya irabu moja: "nimekukosa" ni kwamba sikukupata, "nimekukosea" ni kwamba nimekutendea visivyo. Kiambishi hicho kidogo ndicho kinachomwingiza aliyeumizwa ndani ya sentensi. (Vijana wamelikimbia jambo zima kwa kusema "nimekumiss". Siwalaumu sana.)

Wahenga nao walisema kizuri hakikosi ila. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayetafuta kosa ndani ya "hakikosi", na halimo. Upungufu wa kile kizuri umebebwa na "ila", neno tuliloazima kwa Waarabu. Pwani haijawahi kuwa na uhaba wa maneno ya upungufu, na baadhi yana visa vyake. "Kasoro" ingali katika saa, saa tatu kasoro robo, ambapo haimlaumu mtu bali inapunguza dakika tu. "Hitilafu" ilikuwa tofauti kabla ya kuwa shida ya umeme. Na "walakini", kiunganishi kitupu, kimegeuka nomino kwa kuwa kila sifa ya mtu ilipokatizwa na neno hilo, msikilizaji alijua kinachokuja: mchumba ni mzuri, ila ana walakini.

Kosa lenyewe ni la Kibantu. Chidigo nacho kina "kukosa", na si ajabu, maana Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha katika kitabu chao cha 1993 kwamba Kiswahili na lugha za Wamijikenda ni ndugu wa tumbo moja, tumbo la Sabaki. Kule Rwanda wanasema "ikosa". Mgeni ni "hatia", iliyotoka katika "khatia" ya Kiarabu, nayo ilikuja na historia inayofanana na ya mwenyeji wake kwa namna ya kushangaza. Mzizi wake wa Kiarabu hutumika pia kwa mshale uliopita kando ya shabaha. Kigiriki cha Agano Jipya kinaiita dhambi "hamartia", na kitenzi chake, karne nyingi kabla ya hapo, kilitumika kwa mkuki uliokosa kulengwa. Lugha tatu zisizo na udugu zimeitazama dhambi ya mwanadamu zikaona mtu aliyelenga vibaya.

Lakini Kiarabu kilifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya. Kutoka mzizi ule kilipata "khatia", yaani dhambi, na "khata", yaani jambo lililotokea bila kukusudiwa. Wanafiqhi wakajenga sheria juu ya tofauti hiyo: kuua kwa "amd", yaani kwa kusudi, kuna hukumu yake, na kuua kwa "khata" kuna diya na kafara. Kwa hivyo mtu wa Gazi au Vanga aliyesoma chuoni alikua akijua kwamba khata ni udhuru. Akifika mahakamani anasikia "hatia", neno la nyumba ileile, na safari hii ndiyo inayompeleka jela.

Mahakama zenyewe zilikuwa zaidi ya moja. Ukanda wa Diani, Msambweni, Gazi hadi Vanga ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hata baada ya Waingereza kutangaza himaya yao mwaka 1895, na tangu 1920 uliitwa Himaya ilhali bara liliitwa Koloni. Mtu aliweza kujibu jambo moja mbele ya kadhi, mudiri au liwali, na jingine mbele ya hakimu Mwingereza. Mwingereza alitumia kwanza Kanuni ya Adhabu ya India, kisha mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo ndiyo Sura ya 63 tuliyo nayo. Iliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kiliingia kwa mdomo wa mkalimani, ambaye hakuwa na muda wa kupekua kamusi, na neno lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa kosa.

Tazama kifungu cha 10 cha Kanuni hiyo. Kwa ufupi, mtu aliyetenda jambo akiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, hali isiyokuwa ya kweli, huchukuliwa kana kwamba hali ilikuwa vile alivyoamini. Kiingereza huiita imani hiyo "mistake", na shtaka inaloweza kuliangusha huliita "offence". Kitafsiri kwa Kiswahili cha haraka, upate hivi: kosa huondoa kosa. Wanasheria watacheka. Mshtakiwa hatacheka.

Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, ikampa haki ya mkalimani bila malipo. Ni busara kubwa. Ila maneno hayo "yake mwenyewe" mara nyingi hutua kwenye jalada yakiwa ya Kiingereza.

Tubuni mfano. Mzee wa Msambweni ameshtakiwa kuvua kwa juya la kukokota, ambalo limepigwa marufuku. Anaulizwa, anajibu: "Mheshimiwa, siku ile nilikosa." Amesema nini? Huenda anasema juya halikutoa samaki, na kwa fikra zake aliyetoka mikono mitupu hakuvua. Huenda anakiri. Au huenda, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, anafanya adabu. Kwetu pwani mtu mzima huanza na "nimekosa, niwieni radhi" ili kulituliza baraza kabla hajaeleza upande wake. Mbele ya wazee wa ngambi radhi hutangulia, maelezo yakafuata, na radhi haigeuzwi ushahidi. Kuikosa radhi hiyo ndiko kukosa adabu. Mzee akiipeleka desturi hiyo kizimbani, amejifunga mwenyewe.

Wapo wenzangu wanaotaka tuwaachie walimu wa sarufi "kosa" na kubuni neno jipya kwa ajili ya mahakama. Sioni haja. Mkalimani asiulize "umekosa?" wala "una makosa?", aulize "unalikubali shtaka hili au unalikana?" Na palipo na khata, aseme "bila kukusudia" au "alidhani", asiridhike na "kwa makosa". Mahakama nyingi zimezoea jibu la "ni kweli" au "si kweli", na hilo ni afadhali, ingawa nalo lina mtego wake. Ni kweli mzee alikuwa ufuoni. Ni kweli juya lilikuwapo. Ni kweli alishika kamba yake akavuta. Ikiwa gizani alidhani anamsaidia jirani kuvuta jarife, mambo matatu ni kweli, na la nne, lile la kifungu cha 10, hakuna aliyemuuliza.