Elimu ya Usukani

Neno usukani ni la bahari kabla ya kuwa la barabara. Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, na kwa karne nyingi lilikuwa jina la ule ubao wa tezini unaokigeuza chombo, ambao nahodha au mshika zamu huuongoza kwa kijiti kiitwacho kana. Motokaa zilipoanza kuonekana katika pwani hii, wenyeji hawakuhangaika kutafuta jina jipya la lile duara analolishika dereva. Walichukua jina la chombo wakaligawia gari, na mpaka leo hakuna aonaye ajabu.

Hata hivyo, jina lilisafiri peke yake, elimu ikabaki bandarini. Katika jahazi, kijana aliingia akiwa mdogo, akapika, akafua maji ya ngama, akajifunza kamba na tanga, akazijua nyota na tabia za kusi na kaskazi, na baada ya miaka ndipo alipoaminiwa kushika usukani usiku wenzake wamelala. Motokaa ilikuja kwa mlango mwingine. Katika nchi nyingi ilikozaliwa na kukulia, sifa ya kwanza ya kuwa dereva ilikuwa uwezo wa kuinunua au kuajiriwa na aliyeinunua. Swali la nani anafaa kuiendesha liliulizwa baadaye, na katika Uingereza, ambayo sheria zake ndizo zilizoletwa huku kwetu, lilijibiwa baada ya maelfu ya watu kwisha kuzikwa.

Gari la Karl Benz, lililopata hati ya uvumbuzi tarehe 29 Januari 1886, lilikuwa na magurudumu matatu, na aliyeliendesha aliligeuza kwa mkono mfano wa kana. Safari yake ya kwanza ndefu haikufanywa na mvumbuzi mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1888, mkewe, Bertha Benz, aliwachukua wanawe wawili akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, bila ya kumwarifu mumewe. Hakuna aliyemfunza, kwani hapakuwa na aliyekwisha kufika alikokuwa anakwenda kwa chombo cha namna ile. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipoanza kuliwa kwa miteremko, alisimama kwa fundi wa viatu akaomba zipigiliwe ngozi. Hivyo, miongoni mwa mambo ambayo safari ile iliyafunza mapema ni kwamba kulitia gari mwendo si kazi kubwa kuliko kulisimamisha.

Kana nayo haikudumu. Mwendo ulipoongezeka, jiwe dogo chini ya gurudumu liliweza kuipokonya mkononi mwa dereva. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alikwenda na gari la Panhard lenye duara badala ya kijiti, na katika miaka iliyofuata duara likashinda. Mikono miwili ilipata mahali pa kushika, na kosa dogo la mkono halikuligeuza gari ghafla kama zamani.

Zilizosalia ni kazi za miguu na vijiti, na hapo kila mtengenezaji alikuwa na sheria yake. Mfano mashuhuri ni Model T ya Henry Ford, iliyotoka mwaka 1908 na kuendelea kutengenezwa hadi 1927, magari zaidi ya milioni 15. Dereva wa leo akipandishwa katika gari hilo hatafika mbali. Sakafuni atakuta vikanyagio vitatu, kama alivyozoea katika gari la gea za mkono, lakini kazi zake si zile azijuazo. Cha kushoto ni cha gea: kikikanyagwa hadi chini, gari huenda polepole kwa nguvu; kikiachiliwa, na breki ya mkono ikiwa imesukumwa mbele, huingia gea ya mbio; kikishikwa katikati, gari huwa halimo katika gea yoyote. Kikanyagio cha kati ni cha kurudi nyuma. Cha kulia, pale ambapo mguu wa leo huongeza mafuta, ndicho breki. Mafuta yenyewe yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa chini ya duara la usukani upande wa kulia, na upande wa kushoto palikuwa na kijiti cha pili cha kuwahisha au kuchelewesha cheche.

Hayo yote yalikuwa baada ya gari kuwaka, na kuliwasha kulikuwa na somo lake. Mtu alisimama mbele ya injini akapiga hendeli. Aliyesahau kuichelewesha cheche aliweza kurudishiwa hendeli kwa nguvu ya kuvunja kifundo cha mkono. Kwa sababu hiyo mwanafunzi alifundishwa kuivuta kwa mkono wa kushoto, na dole gumba alilaze upande mmoja na vidole vingine, asilizungushe kwenye chuma. Kisha ilimpasa ahakikishe kwamba breki ya mkono imevutwa, maana gari liliweza kuwaka na papo hapo kumsogelea bwana wake likambana ukutani.

Mtu aliyejifunza gari la namna moja alikuwa kama mgeni ndani ya gari la namna nyingine, na wakati wa hofu mguu hauulizi, hukanyaga palipozoeleka. Nafuu ilikuja polepole. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa umeme, kazi ya Charles Kettering, na hendeli ikaanza kustaafu. Gari la Cadillac la mwaka 1916, Type 53, lilipanga vikanyagio kwa utaratibu unaojulikana leo: klachi kushoto, breki kati, mafuta kulia, na kijiti cha gea na breki ya mkono katikati ya gari. Austin Seven, gari dogo la watu wa kawaida lililotoka mwaka 1922, likausambaza mpango huo Uingereza, ingawa magari yenye mafuta katikati na breki kulia yaliendelea kuonekana kwa miaka. Mwaka 1928 Cadillac tena ilileta gea zinazolinganisha mwendo wa meno yake kabla ya kukutana. Kabla ya hapo, kila badiliko la gea lilidai klachi ikanyagwe mara mbili na sikio liisikilize injini, la sivyo meno yalisagana na kila aliyekuwa njiani alijua kwamba anayepita ni mwanafunzi.

Chombo, basi, kilikuwa kinafundishika. Aliyebaki nyuma ni mfundishwaji, na sheria ilikuwa nyuma yake. Ufaransa iliwahi: mwaka 1893 polisi wa Paris waliagiza kwamba mwenye kuendesha gari awe na cheti cha kuthibitisha uwezo wake, na mwaka 1899 agizo la namna hiyo likaenea nchi nzima. Uingereza ilichagua njia nyingine. Tarehe 17 Agosti 1896, katika viwanja vya Crystal Palace jijini London, mama wa miaka 44, Bridget Driscoll, aligongwa akafa na gari lililokuwa likitembezwa kwa maonyesho. Yeye ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza katika nchi hiyo kuuawa na gari la mafuta. Baraza la uchunguzi liliamua kuwa kifo kile ni ajali, na miezi michache baadaye, Novemba mwaka huo huo, sheria mpya ikayaruhusu magari kwenda kwa kasi kuliko zamani.

Leseni ilikuja kwa sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Gari lilitakiwa kuwa na namba, ukomo wa mwendo ukawa maili 20 kwa saa, na dereva alitakiwa kuwa na umri wa miaka 17 na kulipa shilingi tano kila mwaka. Mtihani haukuwamo. Aliyelipa aliandikiwa, na aliyeandikiwa alikwenda. Leseni ile ilikuwa risiti. Haikuwa ushahidi wa elimu yoyote.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Sheria ya mwaka 1930 iliongeza ajabu nyingine: ukomo wa maili 20 uliondolewa, kwa kuwa aghalabu hakuna aliyeufuata, na watu pekee katika madereva wa kawaida waliotakiwa kufanya mtihani walikuwa wenye ulemavu. Mzima wa viungo alihesabiwa kuwa anajua. Lakini sheria hiyo hiyo ilileta mambo mawili ya maana: bima ya lazima kwa ajili ya wale watakaodhuriwa na gari, na kijitabu cha kanuni, The Highway Code, kilichotolewa mwaka 1931 kwa bei ya peni moja. Ndani yake mlikuwa na ishara za mikono, na maelekezo kwa mwenye gari la farasi jinsi ya kuzungusha kiboko chake hewani kabla ya kugeuka. Kioo cha kutazamia nyuma hakikutajwa hata mara moja.

Mwaka 1934 hesabu ikasomwa. Katika barabara za Uingereza, Uskoti na Welisi walikufa watu 7,343 katika mwaka huo mmoja, na 231,603 wakajeruhiwa. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa wenda kwa miguu, yaani watu wasio na leseni kwa sababu hawakuwa na gari. Bungeni, mswada wa kurudisha ukomo wa mwendo mijini ulipojadiliwa, mbunge J. T. C. Moore-Brabazon aliupinga. Aliwakumbusha wenzake kwamba zamani kuku na mbwa walikuwa wakigongwa kwa wingi, na sasa wamejifunza kukwepa. Hivyo mambo yatajirekebisha yenyewe. Msemaji huyo si mtu aliyedharau elimu ya vyombo, kwani mwaka 1910 ndiye aliyepewa cheti namba moja cha urubani wa ndege nchini mwake. Angani alikubali kupimwa. Ardhini, aliona anayepaswa kujifunza ni yule anayegongwa.

Hilo ndilo lililokuwa likigombewa, zaidi ya gea na breki: mzigo wa elimu ni wa nani? Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Leslie Hore-Belisha, aliyenusurika kugongwa alipokuwa akivuka njia mtaa wa Camden, aliuweka mzigo huo juu ya mwenye usukani. Vivuko vya miguu viliwekewa nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa, ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Machi 1935 ukomo wa maili 30 kwa saa ukaanza katika maeneo ya makazi. Mwezi huo huo mtihani wa udereva ukafunguliwa kwa hiari, na kuanzia tarehe 1 Juni 1935 ukawa lazima kwa kila aliyeanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baadaye. Ada ilikuwa shilingi saba na nusu. Ofisi za mtihani hazikuwapo, hivyo mtahini na mtahiniwa walikutana stesheni ya reli, bustanini au mbele ya ukumbi wa mji. Mwaka ule wa kwanza, katika kila watu 100 waliojaribu, 63 walifaulu. Waliobaki wangeweza mwaka mmoja nyuma kulipa shilingi tano na kwenda zao barabarani.

Vifo vilipungua kidogo mwaka 1935, kisha vita vikaja. Mitihani ilisimamishwa kuanzia Septemba 1939 hadi Novemba 1946, taa zikafunikwa kwa kuhofia ndege, na mwaka 1941 waliouawa barabarani walifika 9,169, idadi ambayo haijapata kufikiwa tena nchini humo. Mwaka 2023, nchi hizo tatu zikiwa na magari yapatayo milioni 40, waliokufa walikuwa 1,624. Mtihani haukuifanya kazi hiyo peke yake. Barabara zilitengenezwa vizuri zaidi, ulevi ulipigwa vita, hospitali zilisonga mbele, na mwaka 1959 Nils Bohlin wa Volvo alitengeneza mkanda wa kiti unaoshika bega na kiuno, ambao kampuni yake iliwaachia wengine wautumie. Lakini msingi ulikuwa ule wa 1935, kwamba anayetaka kuondoka lazima kwanza aonyeshe kuwa anajua kusimama.

Na kusimama ni elimu ambayo jicho haliipati lenyewe. Kwa vipimo vinavyofundishwa Uingereza leo, gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, huhitaji mita 23 hadi kusimama: mita 9 zinapita dereva akiwa bado anatambua hatari na kunyanyua mguu, na mita 14 breki zikiwa zinakamata. Mwendo ukizidishwa mara mbili, zile mita 9 huwa 18, lakini zile 14 huwa 55. Mwendo umeongezeka mara mbili, na kazi ya breki imeongezeka takriban mara nne. Ndiyo sababu mwalimu mwema humkataza mwanafunzi kumkaribia aliye mbele yake, humtaka atazame kioo kabla ya kugeuza mkono, na humpigisha breki mara nyingi kabla ya kumwachia njia kuu.

Elimu hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala uliokuwa umechelewa kuijifunza. Upande wa kushoto wa njia na ile herufi L inayobandikwa kwenye gari la mwanafunzi ni urithi wa huko. Kila mahali iliongezewa lake. Kenya, kwa miaka mingi, mwanafunzi alisimamishwa mbele ya ubao wenye mji mdogo wa mfano, akasogeza kigari cha kuchezea kwa kidole huku akieleza nani ana haki ya kupita kwanza. Anayeucheka ubao huo na akumbuke kwamba zipo zama ambapo mtu aliingia katika mji wenyewe, na gari lenyewe, bila ya kuulizwa swali hilo.

Deni halijalipwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kiwango kikubwa kuliko vyote kwa idadi ya watu kikiwa katika kanda ya Afrika. Kila leseni inayotolewa mahali popote kwa fedha bila ya kupimwa mtu inairudisha nchi katika mwaka 1904, na leseni ikarudi kuwa risiti. Anayeilipia gharama yake ni yule anayepita kwa miguu kando ya njia, na yeye hakupewa hata hiyo risiti.