Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali

nm. (ngeli ya A-WA, wingi: wadhibiti na wakaguzi wakuu). Ofisa wa kikatiba anayesimamia utoaji wa fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali na kukagua matumizi yake. Nchini Tanzania cheo hiki kimewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Magazeti hukiita CAG, kifupi cha jina la Kiingereza, hata katika habari za Kiswahili. Zanzibar ina mdhibiti na mkaguzi wake. Ofisi zote mbili zikitajwa pamoja, maneno "ya Jamhuri ya Muungano" yasiachwe.

Jina hili limebeba vitenzi viwili. Dhibiti, chenye asili ya Kiarabu, ni kushika jambo barabara lisiponyoke, na hapa hutaja kazi inayotangulia matumizi: ofisa huhakikisha kwamba fedha zinazokusudiwa kutolewa zimeidhinishwa kisheria. Kagua hutaja kazi inayofuata: angalau mara moja kwa mwaka huchunguza hesabu za Serikali, Mahakama na Bunge. Mfasiri anayeandika "Mkaguzi Mkuu" tu hupoteza nusu ya cheo. Kwa Kenya, hata hivyo, hiyo ndiyo tafsiri sahihi. Katiba ya 2010 ilizitenga kazi hizo: Ibara ya 228 ilimpa Mdhibiti wa Bajeti (huitwa pia Msimamizi wa Bajeti) idhini ya kutoa fedha, na Ibara ya 229 ikampa Mkaguzi Mkuu ukaguzi, kwa kipindi kimoja cha miaka minane.

Katiba ya Tanzania inasema kwamba ofisa huyu, awapo kazini, halazimiki kufuata amri ya mtu wala idara yoyote ya Serikali. Taarifa yake humfikia kwanza Rais, ambaye huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Rais asipofanya hivyo, mkaguzi mwenyewe huipeleka kwa Spika. Sharti hilo la mwisho hutajwa mara chache, lakini bila hilo taarifa ingeweza kuishia mezani.

Neno moja la kiukaguzi limewahi kuzua mgogoro wa kitaifa. Akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, Profesa Mussa Assad, aliyekuwa akishika cheo hiki, alisema kwamba taarifa zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge. Alijitetea kuwa neno hilo ni la kawaida kwa wakaguzi, na ndivyo lilivyo: "udhaifu wa udhibiti wa ndani" ni kasoro katika mfumo, si tusi. Lakini katika mazungumzo ya kawaida kumwita mtu dhaifu ni kumshusha, na wabunge walilisikia hivyo. Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo Rais akamteua mwingine, kipindi cha miaka mitano kilichotajwa na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 kilipokwisha. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichoweka ukomo huo kinapingana na Katiba, kwa kuwa Ibara ya 144 humwacha mkaguzi kazini hadi umri wa kustaafu, isipokuwa aondolewe kwa kushindwa kazi au kwa tabia mbaya, baada ya uchunguzi.

Maneno yanayoandamana nalo. "Hati safi" na "hati chafu" ni lugha ya magazeti. Taarifa rasmi huandika hati inayoridhisha, yenye shaka au isiyoridhisha. Hati inayoridhisha haithibitishi kwamba hakuna aliyeiba. Husema tu kwamba hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa inavyotakiwa. Hoja ya ukaguzi ni jambo ambalo mkaguzi ameliona na ambalo afisa masuuli hupaswa kulijibu.

Vitenzi vinavyomfaa ofisa huyu ni kagua, ibua na pendekeza. Sentensi kama "CAG amewatia hatiani wakurugenzi" ina kosa la maana, kwani kutia hatiani ni kazi ya mahakama. Iandikwe: "CAG ameibua hoja kuhusu malipo yaliyoidhinishwa na wakurugenzi."